Kioo Namba Tisa

Hezekiah Mbaluka alikuwa fundi wa vioo, ingawa hakuwahi kutia kioo dirishani hata siku moja. Katika Kitengo cha Madaraja, ghorofa ya nne ya jengo la serikali katikati ya jiji, kazi yake ilikuwa kubandika vioo juu ya nyufa. Ufa ukionekana kwenye nguzo au mhimili, alikoroga saruji kidogo, akalaza juu ya ufa ukanda wa kioo wenye urefu wa kidole, akakwaruza tarehe juu yake kwa ncha ya chuma, akaenda zake. Baada ya miezi mitatu alirudi kutazama. Kioo hakina mzaha: ufa ukipanuka kwa unene wa unywele, kinavunjika. Kikiwa kizima, daraja limetulia. Fundi huandika daftarini maneno mawili, "Kioo kizima," na serikali hulala usingizi.

Ni njia ya zamani na ni rahisi. Ina kasoro moja tu: kioo hutoa habari za pale kilipobandikwa. Habari za kwingine hakizijui, wala hakiulizwi.

Mbaluka aliijua kasoro hiyo kuliko mtu yeyote Nairobi, kwa kuwa alikaa nayo mezani. Ilikuwa bonge la zege la ukubwa wa mkate, na juu yake kioo kizima kabisa chenye tarehe 14/3/92. Wageni walidhani ni cha kuzuia karatasi zisipeperuke. Kilitoka kwenye daraja la miguu lililokuwa bondeni chini ya Lavington, ambalo wapishi, walinzi na watunza bustani walivukia kila asubuhi kwenda kufungua siku za watu wengine.

Mmoja wa wavukaji hao alikuwa mpishi aliyeitwa Nyokabi. Alipita saa kumi na mbili na dakika kumi, akiwa na kiondo na viatu vya kazi ndani ya kiondo. Akimkuta Mbaluka juu ya ngazi, pua yake imekaribia kioo, alimuuliza swali lilelile.

"Fundi, leo inasema aje?"

"Inasema pita, mama."

Naye alipita. Walifanya hivyo kwa miaka sita, na hawakuwahi kuulizana jambo lingine. Jina la mwanamke huyo Mbaluka alilijua baadaye, kwenye gazeti.

Mei 1998, baada ya miezi ya mvua, mto ulikuwa umechimba msingi wa ng'ambo. Ng'ambo hakukuwa na kioo kwa sababu ng'ambo kulikuwa na tope. Asubuhi moja ya Jumanne Nyokabi aliuliza, Mbaluka akajibu, na mwanamke alikuwa amefika katikati daraja lilipoondoka. Hakuna neno jingine; liliondoka. Ukuta wa upande wa huku ulibaki umesimama, na ngazi imeegemea ukuta, na Mbaluka juu ya ngazi, na mbele ya macho yake kioo, kizima.

Tume iliundwa. Ilisikiliza ushahidi, ikatazama kioo, ikalaumu mvua. Mvua haikukata rufaa.

Tangu hapo, kila asubuhi saa kumi na mbili na dakika kumi, Mbaluka aliulizwa leo inasema aje. Si kwamba aliona mzuka. Mzuka angekuwa nafuu, kwa kuwa mzuka hukemewa akaondoka. Hii ilikuwa sauti ya mtu mwenye haraka ya kwenda kazini, isiyo na kinyongo chochote. Mkewe, Syokau, alilipeleka jina la mumewe kwa kikundi cha maombi cha akina mama. Waliomba wiki tatu. Sauti iliendelea kuuliza kwa adabu ileile.

Ndivyo alivyokuwa mwanzoni mwa mwaka 2006, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, amebakiza miezi kumi na moja kustaafu, mambo ya kisasa yalipokuja.

Yalikuja na Daktari Cate Njuguna, ambaye alikuwa daktari wa madaraja na alikuwa amechoka kuombwa dawa ya kikohozi. Alisomea ng'ambo, akarudi, akafungua ofisi ya mradi Upper Hill, vyumba viwili vinavyotazama nyuma ya hospitali. Wafadhili walikuwa wamempa vihisi vinane. Kihisi ni kidude cha ukubwa wa kiberiti. Ukikigundisha kwenye daraja, kinasikia kila mtikisiko na kuutuma kwenye kompyuta, mchana na usiku, bila ngazi na bila fundi. Vijana wa kitengo waliviita masikio. Yalikuwa masikio manane, na daraja la kwanza kuyavaa lilikuwa Daraja la Bustani, la barabara, lenye nguzo mbili ndefu, linaloingiza magari Lavington kutoka magharibi.

Swali lote la mradi lilikuwa moja: masikio manane yakae wapi?

Daktari Cate aliwaita ofisini kwake kuwaonyesha. Alikuja mkuu wa kitengo, Mungai, mtu mnene aliyependa mikutano yenye soseji. Na Mbaluka, kwa sababu ndiye aliyejua lilipo daraja.

"Daraja lina namna zake za kutikisika," Cate alieleza, akiionyesha skrini. "Lori likipita, linapinda. Breki zikikanyagwa, linasukumwa mbele. Na kuna pahali halisogei kabisa. Ukiweka sikio hapo, litakuambia kila siku mambo ni shwari mpaka siku ya kuanguka."

Mbaluka alitazama viatu vyake.

"Kwa lugha ya mwananchi, Daktari?" akasema Mungai.

"Ukitaka kujua shida za mtaa, na unaweza kuuliza watu wanane tu, huwezi kuuliza wanane wa meza moja kwa baa. Watakuambia kitu kimoja mara nane."

"Inategemea baa."

"Programu yangu inatafuta wale wanane ambao kila mmoja ana habari ambayo mwenzake hana. Imejaribu mamilioni ya mipangilio. Hii ndiyo bora."

Kwenye skrini daraja lilichorwa kwa mistari ya kijani, na juu yake nukta nyeupe nyingi. Nane kati yake zilikuwa nyekundu.

"Hizo nyeupe ni nini?" Mbaluka aliuliza. Lilikuwa swali lake la kwanza tangu aingie.

"Ni pahali panapofikika, Mzee. Pointi mia moja na nne. Nilizitoa kwa daftari zenu za ukaguzi. Kompyuta inachagua kati ya hizo."

Mbaluka alisogea. Nukta zilikuwa nyingi kwenye kuta za kingoni, zikapanda nguzo ya kwanza hadi kimo fulani, zikakoma. Zilitambaa chini ya mhimili kwa umbali fulani, zikakoma. Juu ya nguzo ya pili, ile inayosimama ndani ya maji, hakukuwa na nukta hata moja. Mtu mwingine angeona daraja lenye nukta. Mbaluka aliona ngazi yake. Aliiona ngazi ya futi kumi na mbili, iliyochorwa kwa uaminifu mkubwa, kila mahali ilipowahi kuegemea na kila mahali ilipowahi kuishia. Kompyuta ilikuwa imejaribu mamilioni ya mipangilio ndani ya ngazi ile.

"Kuna kitu kimoja kidogo," Cate akasema, akifungua karatasi. "Orodha ya vioo inatoka namba nane inaruka hadi kumi. Nilidhani ni makosa ya kupiga chapa."

"Mataipisti wetu," Mungai alisema kwa huruma, akachukua soseji.

Masikio yangegundishwa Alhamisi ya wiki iliyofuata, kwa gundi ambayo ikishakauka huwezi kuibandua ila kwa kuvunja kidude chenyewe. Baada ya hapo daraja lingesikilizwa miaka kumi kupitia matundu manane ambayo Mbaluka, bila kujua, alikuwa amewachagulia.

Hayakuwa makosa ya kupiga chapa. Kioo namba tisa kilikuwapo. Kilibandikwa mwaka 1986 na Mwololo, fundi aliyemtangulia, mtu mfupi asiyeogopa chochote ila mkewe. Mwololo alijifunga kamba, akashushwa kutoka barabarani mpaka kichwa cha nguzo ya pili, pale ambapo mhimili hulalia mto wa mpira, akakuta ufa, akaubandika kioo. Kila miezi mitatu alishushwa tena. Alipostaafu mwaka 1991 alimkabidhi Mbaluka daftari, ngazi na kamba. Mbaluka alishuka kwa kamba mara moja. Ilichomoka kwenye kigingi, akadondoka mpaka akabakiza urefu wa mkono kufika majini, ndipo ikashika. Walipomvuta juu aliandika: namba tisa, kioo kizima. Hakuwa amekiona. Mwaka uliofuata fomu zilipigwa chapa upya, naye akaisoma orodha kwa sauti, mpiga chapa akiandika, na baada ya nane alisema kumi. Ilikuwa rahisi hivyo. Chini ya kila fomu paliandikwa "Sehemu zote zimekaguliwa," na kando yake, kwa miaka kumi na mitano, Ndiyo, na sahihi yake.

Nyumbani Uthiru, jioni, Syokau alimtazama akizungusha ugali kwenye sahani.

"Baba Kaindi, unakula ama unakagua?"

Akamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu yeyote. Alimwambia kuhusu kamba, kuhusu namba tisa, na kwamba malori ya mawe sasa hupita pale kwa sababu ya majumba yanayojengwa Lavington. Na mvua ndefu ingeanza mwezi ujao.

Syokau aliondoa sahani.

"Wakijua ulikuwa unaandika uwongo, watakufuta?"

"Wanaweza. Wanaweza pia kufungua ile kesi ya lile daraja lingine."

"Umebakisha miezi kumi na moja."

"Kumi na moja."

Aliosha sahani moja kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji sahani.

"Na huyo Nyokabi," akasema bila kugeuka, "yeye anastaafu lini?"

Jumatano, siku moja kabla ya gundi, Mbaluka alipanda hadi Upper Hill kwa miguu, akiwa na bonge la zege ndani ya mfuko wa plastiki. Aliliweka mezani kwa Daktari Cate kama mtu anayeleta zawadi.

"Hii ni nini, Mzee?"

"Ni kioo kizima."

Alimweleza yote, akiwa amesimama, kwa sauti ileile aliyotumia kusoma orodha ya vifaa. Alipofika kwenye namba tisa, Cate aligeukia skrini yake, akazitazama nukta nyeupe, na Mbaluka akaona kwamba yeye pia sasa anaiona ngazi.

"Miezi minne," alisema Cate hatimaye. "Miezi minne nimefundisha kompyuta kufikiria kama mtu anayeogopa urefu."

"Na maji, Daktari."

"Na maji." Alikigusa kioo kwa kidole. "Kwa nini unaniambia leo?"

"Kesho mtaweka gundi."

Cate alimpigia Mungai simu palepale. Sauti ya Mungai ilisikika mpaka dirishani. Faili linasema sehemu zote zimekaguliwa. Faili lina sahihi. Sasa tuandike nini, ati faili limebadilisha nia? Programu imeshachagua, wafadhili wameshaona picha, watu wa gundi wamelipwa nauli. Cate alimjibu kwamba hagundishi hata sikio moja mpaka aone kichwa cha nguzo ya pili, na kama kitengo hakina ngazi ndefu atamuuliza mfadhili kwa barua kwa nini kitengo cha madaraja hakina ngazi ndefu. Kisha Mungai akasema kwamba amekuwa akitaka nguzo ile ikaguliwe siku nyingi.

Ngazi ilipatikana kanisani. Kanisa moja la jirani lilikuwa linapakwa rangi kwa ajili ya harusi, na mafundi wa rangi walikuwa na ngazi ya futi ishirini na nne, ambayo mzee wa kanisa aliiazimisha kwa sharti kwamba irudi kabla ya Jumamosi na isitajwe kwenye taarifa. Dereva wa kitengo, Odero, aliifunga juu ya gari, ncha zote mbili zikichungulia nje.

Alhamisi saa nne asubuhi waliisimamisha mtoni. Ilikuwa kiangazi, maji yalifika magotini. Juu yao magari yalipita, na kila lori lilipopita vumbi laini lilidondoka kutoka kwenye kichwa cha nguzo, kama mtu anayepepeta unga.

"Nitapanda mimi," alisema Cate.

"Hapana, Daktari. Hii ni yangu."

Odero alishika ngazi kwa mikono miwili. "Mzee, ukianguka nimwambie Mama Kaindi ulikuwa wapi? Kanisani?"

"Mwambie nilikuwa kazini. Atashangaa zaidi."

Alipanda. Ngazi ilikuwa na matone ya rangi nyeupe, na kila kipago kilinuka harusi. Alipofika kipago cha kumi na mbili alisimama kidogo, kwa mazoea, kwa kuwa maisha yake yote ngazi ilikuwa inaishia hapo. Kisha akaongeza mguu. Lori likapita. Ngazi ikanguruma mikononi mwake kuanzia juu kwenda chini, na alihisi kwamba daraja lilikuwa limemsubiri muda mrefu na limeanza kuongea kabla hajafika.

Kichwa cha nguzo kilikuwa na giza na mavi ya popo. Aliwasha tochi.

Kioo namba tisa kilikuwa palepale Mwololo alipokiweka. 9/11/86, na herufi mbili za jina lake. Kilikuwa kimevunjika katikati, mvunjiko safi, na vipande viwili vilikuwa vimeachana kiasi kwamba sarafu ya shilingi ingepita ikiwa imesimama. Ndani ya mwanya palikuwa na vumbi, na juu ya vumbi buibui alikuwa ametanda, na utando wenyewe ulikuwa mzee, wenye vumbi lake. Hakikuvunjika jana wala mwaka jana. Kilikuwa kimesema, kwa njia pekee ambayo kioo kinajua kusema, kikakaa hapo miaka yote kikiendelea kusema, kwa buibui.

Nyuma yake zege la ukingo ambao mhimili unalalia lilikuwa limemeguka. Mbaluka alipima kwa kiganja. Mhimili wa daraja, pamoja na malori ya mawe na mabasi ya shule na wapishi wote wa asubuhi, ulikuwa umebakiza upana wa kiganja kimoja.

"Mzee!" Cate aliita kutoka chini. Alikuwa ameweka mkono juu ya macho, haoni kitu. Hakuwa ameambiwa maneno yenyewe; Mbaluka alikuwa amemweleza yote isipokuwa hayo. Ni maneno tu ambayo mtu yeyote wa Nairobi angeyatumia. "Inasema aje?"

Odero alisema baadaye kwamba ngazi ilianza kutetemeka wakati hakuna lori juu. Alidhani mzee amepatwa na kizunguzungu, akaanza kuhesabu ni wapi pa kumdaka.

"Mzee Mbaluka? Inasema aje?"

"Inasema wasipite," alisema Mbaluka. Sauti ilitoka ndogo, akalazimika kuirudia. "Daktari, funga barabara! Inasema mtu asipite!"

Barabara ilifungwa kabla ya saa sita, kwa gari la kitengo kuwekwa mshazari upande mmoja na meza ya muuza miche kuwekwa upande mwingine. Wakazi wa Lavington waliandika barua magazetini kuhusu dakika arobaini walizoongezewa. Hakuna aliyeandika kuhusu kiganja. Taarifa ya Mungai ilisema hitilafu iligunduliwa katika ukaguzi wa kawaida. Wiki hiyohiyo Mbaluka alipokea barua mbili, moja ya onyo kwa kujaza fomu isivyostahili, nyingine ya pongezi kwa uangalifu wa kipekee. Zilikuwa na sahihi moja na nambari moja ya faili. Alizipanga pamoja. Kesi ya daraja lile lingine hakuna aliyeifungua. Alienda mwenyewe kuuliza, akaambiwa faili lilipotea wakati wa kuhama ghorofa.

Cate alirudi kwenye kompyuta, akafuta nukta zote mia moja na nne, akaanza upya na daraja zima, pamoja na pahali pasipofikika. Programu ilichagua tena masikio manane. Matano yalihama. La kwanza kabisa, lile ambalo kompyuta ilisema ukinyimwa mengine yote usikose hili, lilikuwa kichwa cha nguzo ya pili. Mbaluka aliligundisha mwenyewe, kando ya kioo cha Mwololo, ambacho alikibandua kwa patasi na kukiweka mfukoni.

Sasa mezani kwake kuna vioo viwili, kizima na kilichovunjika. Mgeni akiuliza, Mbaluka humwambia kimoja kilitoka kwenye daraja lililoua mtu, na kingine kwenye daraja lililookolewa, abahatishe kipi ni kipi. Bado hajapata aliyepatia.

Daraja lilibaki limefungwa mwezi mzima, likishikiliwa na vyuma, likisubiri matengenezo. Wakati huo masikio yalikuwa kazini, yakisikiliza daraja lisilo na kitu juu yake. Asubuhi moja Cate alimwita Mbaluka Upper Hill kumwonyesha mstari kwenye skrini. Ulikuwa umenyooka usiku kucha. Kisha kulikuwa na mruko mmoja mdogo, halafu ukanyooka tena.

"Kila siku," alisema Cate. "Sikio la nguzo ya pili peke yake. Ni baridi, Mzee. Alfajiri zege linajikunja, ule mto wa mpira umekwama, halafu unaachilia mara moja. Tuk. Ni kawaida kabisa."

Mbaluka alisogea kusoma saa iliyoandikwa chini ya mruko. Hakuhitaji kuisoma.

"Ni baridi," alikubali.

"Utaiweka kwa daftari?"

Alilifungua daftari. Aliandika tarehe, akaandika saa kumi na mbili na dakika kumi. Safu ya mwisho ilikuwa ya maoni, ile ambamo kwa miaka kumi na mitano aliandika maneno mawili bila kufikiri. Alishika kalamu juu yake mpaka Cate akamtazama. Kisha akaandika: "Nimejibu. Asipite hapa; apite kule juu, kwa barabara kubwa."

Cate alisoma akiwa amesimama nyuma yake. Alikuwa mwanasayansi, na safu ilikuwa ya maoni. Akaiacha.